Ndizi Ndani ya Difu

Ndani ya difu ya lori la baba tulikuta ndizi. Hazikuwa ndizi tena, lakini sina jina jingine la kuziita. Zilikuwa nyuzi nyeusi zilizojisokota kwenye meno ya chuma, uji mzito uliolala chini ya oili, na vikonyo vinne vigumu ambavyo mtu yeyote aliyekulia kwenye migomba angevitambua. Nilivipanga juu ya gunia. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga tu bila maumbo, alinyoosha mkono akauliza nimepata nini.  Nilimwekea kikonyo kimoja kiganjani.

Alikipapasa, akakinusa, akanirudishia.

"Osha," alisema. "Osha sanduku lote, mama. Usiache hata uzi mmoja."

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

Difu ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Propela, chuma kirefu kinachozunguka chini ya lori, huleta nguvu kutoka kwa injini mbele na kuiingiza humo kwa gurudumu dogo la meno, pinioni. Pinioni husukuma gurudumu kubwa, krauni, na krauni huzigawia tairi za kushoto na kulia. Difu ikichakaa huanza kulia. Ni sauti ndefu kama ya mtu anayeomboleza nyumba ya tatu, hupanda lori likiongeza mwendo, hushuka likipunguza. Garsen ni mji mdogo, na zamani tulijua lori la nani linakuja kabla hatujaliona.

Malori ya kwetu hubeba maembe na ndizi kutoka mashamba ya kando ya mto, na madereva wa zamani walikuwa na dawa yao ya kilio hicho. Walifungua kizibo cha kutilia oili wakailisha difu ndizi mbichi, pamoja na maganda. Meno huzisaga, oili ikawa nzito kama uji, na difu ikanyamaza. Hunyamaza siku chache, ukibahatika juma moja au mawili. Yatosha kumwuzia mtu lori, au kufika Malindi na mzigo bila abiria kulalamika. Lakini uji ule haupiti kwenye vijia vyembamba vinavyopeleka oili kwenye beringi ya mbele ya pinioni. Beringi hukauka, huungua, na siku inapokwama, tairi za nyuma hukwama nayo.

Aliyetusimulia habari hizi, mimi na kaka yangu, ni baba mwenyewe. Alizisimulia kama kichekesho, tukila. "Mtoto akilia, mpe ndizi," alikuwa akisema, na mama alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuyasikia.

Mama alifariki mwaka wa mafuriko, njiani, akipelekwa Malindi kwa lori la baba.

Nitaeleza ninayoyajua na nilivyoyajua, kwa sababu sikuwepo. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Malindi, nikisoma na kuandika habari kwenye kituo kidogo cha redio, na siku hiyo nilisimama kwenye lango la hospitali tangu saa nne asubuhi nikisubiri. Mama alikuwa na ugonjwa wa figo. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi zimekuwa fupi, na aliandikiwa rufaa. Mto ulikuwa umetoka kwenye kingo zake na magari madogo hayakuweza kupita. Lori la baba lilikuwa refu. Baba alishika usukani, mama akakaa katikati, kaka mlangoni.

Maji waliyavuka. Hilo baba na kaka walilieleza kwa namna moja: maji yalifika kwenye ngazi ya mlango, mama akasema tunaenda kwa mtumbwi leo. Wakapita Tarasaa. Barabara ilikuwa kavu na nyoofu, na walikuwa wameanza kuhesabu saa za kufika, pale tairi za nyuma zilipokwama zote mbili kwa pamoja. Lori lilijiburuta, likageuka upande, likasimama limeiziba barabara. Kwa saa mbili hakuna gari lililotokea, maana mengi yalikuwa yamezuiwa na maji nyuma yao. Hatimaye ilikuja pikapu ya mkaa. Mama alikata roho ndani ya pikapu ile, kichwa chake kwenye mapaja ya kaka, na baba akiwa nyuma juu ya magunia, asijue mpaka iliposimama.

Tulimzika Kulesa, shambani kwetu. Baada ya udongo kurudishwa, kaka alimgeukia baba mbele ya watu wote.

"Ulijua," alisema. "Lori lililia mwezi mzima. Ulijua, ukampandisha mama."

Baba alisema, "Ni kweli lililia."

Maneno hayo tu. Waliokuwepo waliyachukua kuwa ni kukiri. Kaka aliondoka kesho yake kwenda Mombasa, akawa anaendesha malori ya watu. Kwa miaka mitatu hakuzungumza na baba, hata kwa simu.

Mimi nilikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku sita kabla ya kifo chake, mama alinipigia simu. Walikuwa wametoka naye Kulesa kumleta nyumbani Garsen, na kwa kawaida safari hiyo ilimwumiza, kwa sababu kilio cha difu kilimpasua kichwa. Siku hiyo sauti yake ilikuwa nyepesi. "Leo lori halilii," aliniambia. "Nimesinzia njia nzima kama mtoto." Nilifurahi. Nilidhani wamelitengeneza.

Lori lilivutwa mpaka nyumbani likaegeshwa kando ya ua wa miba. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Presha ya macho ilimaliza macho ya baba polepole, na ilipofika hatua ya kushindwa kujipakulia chakula, niliacha kazi Malindi nikarudi kukaa naye.

Asubuhi moja, baada ya chai, alisema, "Nataka tuifungue difu."

"Ya nini, baba? Lori limelala miaka mitatu."

"Nataka kumpa kaka yako. Siwezi kumpa mtu maiti."

"Basi tumwite fundi."

"Fundi ataifunga vizuri," alisema. "Lakini nitakuwa nimempa kazi ya fundi."

Kwa hiyo tuliifanya sisi, mimi nikiwa macho na mikono, yeye akiwa masikio na vidole. Tulifanya kazi asubuhi tu, mpaka jua lilipoingia chini ya lori. Alitaka kila kitu kwa mpangilio, nami ndivyo nilivyo. Karanga, yaani nati za kukazia, za kila upande nilizitia kwenye kopo lake, nikaandika kwenye daftari zilikotoka. Aliniambia nisiiamini jeki. "Jeki ni kibarua, muda wake ukiisha anaondoka. Weka gogo." Tukaweka magogo mawili na mawe chini ya tairi za mbele.

Oili ilipotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo haikutushangaza. Lori lilipita kwenye mafuriko, na maji huingia kwa tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Tulizichomoa shafti mbili zinazozungusha tairi za nyuma, tukatenganisha propela, tukalegeza karanga kuzunguka tumbo, kisha tukaitoa mashine nzima ya meno, tukaishusha juu ya tairi kuukuu, mimi nikiilaza na baba akiishika kwa mikono miwili kama anayempokea mgonjwa kutoka kitandani. Ndipo nikaingiza mkono kwenye tumbo lililobaki wazi, nikatoa uji, nyuzi, na vile vikonyo.

Niliosha kama alivyoagiza. Dizeli ya kuoshea niliibadilisha mara tatu. Lakini kazi ya redio ilinifundisha kutotupa kitu kabla sijajua ni nini, na vikonyo nilivitia kwenye chupa ya jemu.

Kisha nilikiangalia kizibo cha kutilia oili. Pembe zake zilikuwa zimetafunwa. Mtu alikuwa amekifungua kwa spana ya bomba, ile yenye meno. Baba hakuwahi kuigusa karanga kwa spana ya bomba. Alikuwa akisema ni ya mafundi wa choo na ya wavivu, na mvivu aliyemlenga alikuwa kaka, aliyegombezwa kwa kosa hilo tangu alipoanza kuendesha. Nilikaa chini ya lori nimekishika kizibo kile, na kwa muda mfupi nilidhani nimepata jibu.

Baadaye nikakumbuka Krismasi iliyotangulia mafuriko. Nilikuja nyumbani likizo nikamwona baba akimimina chai kando ya kikombe. Alicheka, akasema ni giza, na ilikuwa mchana. Nuru ya macho ilikuwa imeshaanza kumtoka naye akituficha. Mtu asiyeona namba ya spana huchukua spana yoyote inayoshika. Kizibo hakikusema lolote. Na mama alishawahi kuniambia kwamba msimu huo wa maembe walikuwa wakipokezana lori, baba siku hii, kaka siku ile.

Beringi ya mbele ya pinioni ilikuwa imeungua mpaka ikawa ya bluu. Krauni ilikuwa imepoteza meno matatu. Nilisafiri Malindi nikapata krauni na pinioni zilizotolewa kwenye lori lililopondwa, na beringi mpya. Baba alizipokea kwenye mkeka. Aliipapasa krauni, kisha akatumia ukucha kutafuta namba iliyochongwa pembeni, akaifuata tarakimu kwa tarakimu, kisha akatafuta ile ya pinioni.

"Ni moja," alisema, ametulia. "Hizi husagwa pamoja tangu kiwandani. Ukichukua krauni ya huku na pinioni ya kule, hata ziwe mpya, zitatafunana."

Pinioni hufungwa kwa kipimo. Ikilegea inacheza, ikibanwa mno inaungua. Hatukuwa na kifaa cha kupimia, na baba akaniambia niende kwa jirani yetu anayeuza samaki nikaazime mizani yake ya ndoano. Jirani huyo ni mama mwenye ulimi mkali, na hakukubali kunipa mizani bila kuja kuona inakoenda.

"Haya, huyu ni samaki gani?" aliuliza, akiitazama pinioni.

"Ni wa kwenye oili," baba alisema.

"Ana mifupa mingi. Hutamwuza huyu."

"Simwuzi. Nampikia mwanangu."

 Mama yule alikuwepo Kulesa siku ya mazishi. Alisema, "Basi aive vizuri," akaenda zake, mizani akatuachia siku tatu.

Tulizungusha kamba kwenye shingo ya pinioni, tukaifunga kwenye ndoano, nikavuta polepole nikisoma mshale. Baba aliweka kidole kwenye chuma kusikia inavyozunguka. Kila tulipokaza karanga kidogo, nilivuta tena. Mara ya saba akasema, "Hapo. Iache."

Ilikuwa wakati huo, mikono yetu sote wawili ikiwa kwenye chuma kimoja, nilipomuuliza.

"Baba, nani aliziweka?"

"Beringi ya mbele umeipaka oili?"

"Nimeipaka."

"Ipake tena."

Nilipaka. Nilidhani yameishia hapo. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akasema bila kunielekea, "Mama yako alilala njia nzima siku ile. Kutoka Kulesa mpaka hapa mlangoni. Nilizima injini nikamwacha alale."

Mpaka siku hiyo niliamini ni mimi tu niliyejua kwamba lori lilikuwa limenyamaza. Kumbe baba naye aliujua ukimya ule, akakaa ndani yake akimtazama mkewe akilala, na pale kaburini alimjibu mwanawe kwamba ni kweli lililia.  Dereva aliyeendesha miaka thelathini hawezi kusikia difu mbovu ikinyamaza yenyewe bila kujua maana yake. Ama aliilisha kwa mkono wake ili mkewe mgonjwa apate usingizi. Ama alijua aliyeilisha, akajua pia ni kwa ajili gani, na akaubeba mzigo.

Kilichobaki kilikuwa kuona kama meno yanagusana panapotakiwa. Krauni hupakwa rangi, ikazungushwa, na pinioni ikaacha alama. Fundi ana rangi yake. Sisi tulichanganya grisi na bizari iliyobaki kwenye kopo la mama, ambalo sikuwa nimeligusa tangu nirudi. Mikono yetu ikawa ya manjano na chini ya lori kukanukia mchuzi.

"Alama iko wapi?" baba aliuliza.

"Imeelekea ukingoni. Upande wa nje."

"Kama ukucha au kama jani?"

"Kama ukucha."

"Ingiza kibati kimoja, kile chembamba."

Niliingiza vibati, vile vipande vyembamba vya kusogezea meno, nikavitoa, nikavirudisha. Siku mbili zilikwenda hivyo, yeye akiuliza, mimi nikijibu, mpaka nikamwambia alama imekaa katikati ya jino, ndefu kama jani la mwarobaini. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Alishusha pumzi.

"Sasa mpigie kaka yako," alisema.

Kaka huwa anapokea simu zangu. Nilimwambia tumeifungua difu na tunaifunga, na kwamba baba anampa lori. Niliweka sauti ya simu juu ili baba asikie, na hilo sikumwambia kaka.

 Akauliza, "Mlikuta nini ndani?"

Baba alinyanyua mkono wake wa manjano akautikisa mara moja, kunikataza.

"Oili na maji," nikasema.

"Maji tu?"

"Na vyuma. Beringi ya mbele ilikuwa imeungua."

"Imeungua," alirudia. Nilisikia magari nyuma yake, na mtu akimwita aondoe lori njiani. "Naweza kuja Jumamosi," akasema.

Nimelichambua swali lake mara nyingi kuliko nilivyowahi kuchambua swali la mtu yeyote. Kila dereva huuliza hivyo difu ikifunguliwa. Mtu aliyeweka ndizi naye angeuliza hivyo. Na mtu aliyemshuku baba kwa miaka mitatu angeuliza vivyo hivyo, akitumaini apate jibu au akitumaini asilipate.

Baada ya kutia oili mpya nilitoa kizibo kipya nilichokinunua pamoja na beringi. Baba ndiye aliyekikaza. Alizipapasa pembe zake nne zilizo kali na safi, kisha akaomba spana. Hakuuliza cha zamani kiko wapi.

Kaka alifika Jumamosi saa tatu, na begi dogo. Alikuwa amenenepa, na nywele zimeanza kumtoka mbele kama za baba. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye kiti cha baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Utakula tena."

 Kaka alizunguka lori mara moja, akigonga tairi kwa kisigino. Halafu, kabla hata hajafungua mlango, alilala chali akaingia chini kwa nyuma. Nilisikia spana. Alifungua kizibo cha kutilia oili, akaingiza kidole, akakitoa. Nilikuwa nimeinama upande wa pili na nilimwona. Alikileta kidole puani, akakiweka hapo kwa muda, kisha akakifuta kwenye suruali. Kuangalia oili ni desturi ya kila dereva. Kuinusa, nimewauliza madereva kadhaa tangu hapo. Wengine hunusa, wengine hawanusi.

Baba, kwenye kiti chake, alikuwa ameelekeza sikio kwenye mlio wa spana. "Iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa," kaka alijibu kutoka chini.

Tuliondoka sote watatu kwenda Kulesa, kaburini. Kaka aliendesha. Baba alipanda, akasogea mpaka katikati, alipokuwa amekaa mama, nami nikakaa mlangoni. Tulipopata mwendo, sauti ilianza nyuma yetu, ndogo, kwa sababu krauni na pinioni zile si mpya na zilizoea kazi ya lori jingine. Kaka alipunguza mwendo, uso umekunjamana.

"Inalia," alisema.

"Kidogo," baba alisema. "Iache ilie."

Kaka analiendesha lori hilo mpaka leo na hulala nyumbani. Wanazungumza, zaidi kuhusu barabara na bei ya maembe. Habari ya siku ile ya pikapu haijawahi kutajwa mezani. Chupa ya jemu na kizibo cha zamani viko kwenye droo yangu, na alama za spana ya bomba bado zinaonekana kwenye pembe zote nne. Kaka alilegeza na kukaza kizibo kipya kwa mkono wake siku ile ya Jumamosi, na hata yeye hajawahi kuniuliza kwa nini nilikibadilisha.